Hija ya miguu hadi Namugongo yahitaji maandalizi ya miezi, si ya siku

KILA mwaka, mwezi wa Mei unapokaribia kutamatika, makundi ya Wakristo kutoka sehemu mbalimbali za Kenya huonekana yakiandamana kando ya barabara kuelekea mipaka ya Busia na Malaba, mikoba migongoni na rozari mikononi. Waendako ni Namugongo, viungani mwa jiji la Kampala, ambako Sikukuu ya Mashahidi wa Uganda huadhimishwa kila Juni 3.

Wapo wanaoanza kutembea baada ya kuvuka mpaka. Wengine hufunga safari wakiwa ndani kabisa ya Bonde la Ufa, na kufikia Busia wameshakula siku kadhaa njiani. Kutoka Busia hadi Kampala pekee ni takriban kilomita 200.

Wengi wa mahujaji hawa hujitayarisha kwa sala, kwa kufunga na kwa kuchanga nauli ya kurudi. Wachache ndio huitayarisha miguu. Matokeo yake huonekana kuanzia siku ya pili au ya tatu, pale nyayo zinapochubuka, magoti yanapovimba na mtu aliyetoka nyumbani akiimba anapoanza kuchechemea nyuma ya wenzake. Wasiobahatika hupata madhara makubwa zaidi, kwa kuwa barabara hiyo ni ya malori ya masafa marefu.

Madhara mengi ya aina hii yanaweza kuepukika. Yanayoelezwa hapa yanamhusu hujaji wa Namugongo, lakini yatamfaa pia anayetembea kwenda kwenye madhabahu ya Bikira Maria huko Subukia, kaunti ya Nakuru, au yeyote anayetaka kusafiri masafa marefu kwa miguu yake.

Njia yenye historia ya miguu

Mwendo wa miguu ni sehemu ya kisa chenyewe cha mashahidi. Vijana walioteketezwa moto Juni 3, 1886 kwa amri ya Kabaka Mwanga II walihukumiwa huko Munyonyo, karibu na Ziwa Victoria, kisha wakatembezwa wakiwa wamefungwa hadi Namugongo. Baadhi yao waliuawa njiani kabla ya kufika. Kwa jumla, mashahidi wanaokumbukwa ni 45, Wakatoliki 22 na Waanglikana 23, waliouawa kati ya 1885 na 1887. Wale Wakatoliki 22 walitangazwa watakatifu na Papa Paulo VI mnamo Oktoba 1964.

Aidha, njia ya kutoka mashariki ina kumbukumbu yake. Askofu James Hannington wa Kanisa la Anglikana alisafiri kwa miguu na msafara wa wapagazi kutoka pwani ya Kenya, akapita nchi ya Wamaasai na kufika Busoga, ambako aliuawa Oktoba 1885. Hujaji wa leo anayepita Bugiri na Iganga anaikanyaga nchi hiyo hiyo ya Busoga.

Wapagazi wa misafara hiyo hawakuwa na viatu vya kisasa, ila walikuwa na jambo moja ambalo mkazi wa mjini wa leo hana: miguu iliyozoea. Pengo hilo ndilo linalopaswa kuzibwa kabla ya safari.

Hesabu ya njia

Mtu mzima mwenye afya hutembea kilomita nne hadi tano kwa saa kwenye barabara tambarare. Kwa mwendo huo, kilomita 25 kwa siku ni kazi ya saa tano au sita, bila kuhesabu mapumziko, milo na sala. Kwa hatua za kawaida, hizo ni zaidi ya hatua 30,000 kila siku.

Kwa kiwango hicho, kilomita 200 zitahitaji siku nane za kutembea. Ni busara kuongeza siku moja ya kupumzika katikati ya safari, mathalan mjini Iganga au Jinja. Kwa hivyo, anayetaka kufika Namugongo jioni ya Juni 2 anastahili kuondoka Busia asubuhi ya Mei 25, wala si baadaye.

Makundi mengi huponzwa na hesabu hii. Huchelewa kuondoka kwa sababu ya kazi au michango, kisha hulazimika kutembea kilomita 40 au 50 kwa siku, wakiingia usiku. Hapo ndipo majeraha na ajali hupatikana. Iwapo siku zimepungua, ni heri kupanda gari sehemu ya kwanza na kutembea sehemu ya mwisho kuliko kuuadhibu mwili kwa ratiba isiyowezekana.

Mazoezi ya kabla

Mwili hubadilika polepole. Moyo na mapafu huzoea kazi mpya katika muda wa wiki chache, ilhali kano, mifupa na ngozi ya nyayo huchukua muda mrefu zaidi. Hiyo ndiyo sababu mtu anaweza kujihisi ana pumzi za kutosha na huku muundi wake umeanza kuuma.

Miezi miwili hadi mitatu inatosha kwa mtu asiye na ugonjwa. Anayekusudia kuondoka mwishoni mwa Mei aanze mapema Machi kwa kutembea kilomita tatu au nne, mara tatu kwa wiki. Kila wiki aongeze kidogo, takriban sehemu moja ya kumi, na katika kila wiki awe na siku moja ya mwendo mrefu kuliko nyingine. Kufikia katikati ya Mei awe amewahi kutembea kilomita 20 siku ya Jumamosi na kuamka Jumapili akatembea tena kilomita 15. Siku hizo mbili mfululizo humfunza zaidi ya mwendo mmoja mrefu, kwa maana ugumu wa hija ni kuamka na kuanza tena huku misuli ingali inauma.

Mazoezi hayo yafanywe kwa viatu vile vile, mkoba ule ule na, ikiwezekana, saa zile zile za alfajiri. Siku kumi za mwisho mtu apunguze mwendo ili aondoke akiwa na nguvu.

Wenye kisukari, shinikizo la damu, pumu au maradhi ya moyo, pamoja na wajawazito na wazee, wamwone daktari kwanza. Kwa mgonjwa wa kisukari jambo hili ni zito mno. Maradhi hayo yanaweza kuua hisia za miguuni, hivi kwamba mtu hutembea siku nzima na kijiwe ndani ya kiatu asitambue. Kidonda kidogo cha aina hiyo kinaweza kuishia katika kukatwa mguu.

Viatu na nyayo

Wahenga walionya kwamba usiache mbachao kwa msala upitao. Hujaji anayenunua viatu vipya siku mbili kabla ya safari hujitafutia malengelenge. Viatu vizuri ni vile vilivyokwisha kuvaliwa kwa wiki kadhaa, vyenye soli inayopindika mbele lakini isiyo laini kama sifongo.

Miguu huvimba kidogo kadiri mtu anavyotembea. Kwa hivyo kiatu kinunuliwe alasiri wala si asubuhi, na mbele ya kidole kirefu kubaki nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono. Kucha zikatwe siku chache kabla ya kuondoka. Kucha ndefu ikigongana na kiatu kwenye mteremko hugeuka nyeusi na hatimaye hung'oka.

Wapo wanaotembea kwa akala na kufika salama. Siri yao ni mazoea. Asiyezoea akala azibebe za kuvaa jioni ili miguu ipate hewa.

Lengelenge huletwa na mambo matatu yanayokutana: msuguano, joto na unyevu. Ukiondoa mojawapo, umepunguza hatari. Soksi za sufu au za nyuzi zinazokauka haraka hufaa kuliko za pamba, ambazo hushika jasho. Asiye na hizo abebe jozi tatu za pamba na kuzibadilisha kila anapopumzika, huku zilizolowa zikining'inia nje ya mkoba zikauke. Mafuta mazito yapakwe katikati ya vidole, kwenye visigino na sehemu za ndani za mapaja.

Jambo la maana kuliko yote ni kutopuuza dalili ya kwanza. Kabla ya lengelenge kutokea, mahali pale huwaka kama palipoguswa na kaa la moto. Mtembezi akihisi hivyo asimame papo hapo, avue kiatu, akaushe ngozi na kubandika plasta. Dakika tano hizo humwokolea siku mbili. Wengi huona haya kuwasimamisha wenzao, wakasema watatazama mguu jioni. Jioni huwa wamechelewa.

Lengelenge likishatokea na haliumi sana, liachwe lifunikwe. Likiwa kubwa na la kuuma, anaweza kutobolewa ukingoni kwa sindano iliyosafishwa kwa spiriti baada ya mikono kunawiwa, maji yakatoka, kisha likafunikwa kwa bendeji safi. Ngozi ya juu isiondolewe kamwe, kwa kuwa ndiyo kinga dhidi ya viini. Wekundu unaosambaa, usaha au homa ni ishara kwamba wakati wa kwenda zahanati umefika.

Maji, chumvi na chakula

Mwishoni mwa Mei mvua za masika huwa hazijaisha kabisa magharibi mwa Kenya na mashariki mwa Uganda. Asubuhi huweza kuwa na ukungu, adhuhuri ikawa na jua kali na alasiri ikaleta ngurumo. Inafaa kuondoka saa kumi na mbili asubuhi, punde kunapopambazuka, kutembea hadi saa tano, kupumzika kivulini hadi saa tisa, kisha kumalizia kabla ya giza.

Maji yanywewe kidogo kidogo kila mara, kwa kufuata kiu. Rangi ya mkojo ni kipimo kizuri: ukiwa wa manjano hafifu, mwili una maji ya kutosha, ukiwa wa rangi ya chai, yamepungua. Hata hivyo, kunywa lita baada ya lita za maji matupu bila chumvi wala chakula nako kuna hatari, kwani chumvi ya damu hupungua mno, mtu akaumwa na kichwa, akatapika na hata kuchanganyikiwa.

Anayeharisha au anayetokwa na jasho jingi aweza kujitengenezea kinywaji kwa kutia vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vikiwa vimesawazishwa, katika lita moja ya maji safi. Vipimo hivyo visizidishwe. Maji ya visima na mito yachemshwe au yatiwe dawa ya kusafisha, hata yakionekana mang'avu.

Chakula hakihitaji ufundi. Viazi vitamu, ndizi, mihogo, mayai, njugu na chapati hupatikana njia nzima, na upande wa Uganda kuna chapati iliyoviringishwa na mayai ambayo wenyeji huiita rolex. Kula kidogo kila baada ya saa mbili humfaa mtembezi kuliko mlo mmoja mkubwa utakaomlaza mchana. Chakula kiwe cha moto, na mikono ioshwe. Kuhara ndiko kunakowakatiza wengi safari, kushinda hata uchovu.

Mkoba usizidi sehemu moja ya kumi ya uzito wa mwili. Mwenye kilo 60 asibebe zaidi ya kilo sita, maji yakiwemo. Vitu vizito vikae karibu na mgongo. Kitambulisho cha kitaifa huwaruhusu Wakenya kuingia Uganda, lakini cheti cha chanjo ya homa ya manjano pia huhitajika. Cheti hicho huanza kutambuliwa siku 10 baada ya mtu kuchanjwa, hivyo chanjo si jambo la kungojea mpakani. Chandarua au dawa ya kufukuza mbu ni lazima, maana eneo lote hilo lina malaria.

Usalama barabarani

Nchini Kenya, watembeao kwa miguu ndio wengi zaidi miongoni mwa wanaofariki katika ajali za barabarani kila mwaka. Barabara ya kupitia Bugiri, Iganga, Jinja, Lugazi na Mukono ni sehemu ya ushoroba wa kaskazini unaopitisha mizigo kutoka bandari ya Mombasa. Malori na trela hupita usiku na mchana, na katika baadhi ya sehemu ukingo wa barabara ni mwembamba, hasa penye msitu wa Mabira baina ya Jinja na Lugazi.

Kwa kuwa magari ya Kenya na Uganda hupita kushoto, mtembezi apite upande wa kulia ili ayaone yanayomjia. Kundi liende kwa mstari mmoja, si kwa safu ya watu wanne wanaopiga gumzo. Wa mbele na wa nyuma wavae fulana za kuakisi mwanga na kubeba bendera za rangi kali. Vinasa sauti vya masikioni vitolewe, kwa sababu sikio humwonya mtu kabla ya jicho.

Kutembea usiku kuepukwe kabisa, hata ikiwa nyimbo zimepamba moto na mji unaofuata uko karibu. Mahali pa kulala, iwe ni parokia au shule, papangwe mapema ili kundi lisijikute porini jua likitua.

Kiongozi mwema huwaweka walio dhaifu mbele. Wenye nguvu wakitangulia, kundi hukatika vipande, na anayebaki nyuma huwa peke yake akikimbilia wenzake. Mwendo wa kundi ni mwendo wa mtu wake wa polepole zaidi.

Kuituliza akili

Siku ya tatu huwa ngumu kuliko zote. Msisimko wa kuondoka umekwisha na mwisho haujaonekana. Mtembezi anayewaza kilomita 150 zilizobaki huvunjika moyo, ilhali anayewaza mti ulio mbele, kisha kituo cha maji, kisha chakula cha mchana, hufika. Safari ni hatua.

Inasaidia kutenga saa moja ya kimya kila asubuhi. Simu izimwe na mazungumzo yakome. Mtu asikilize kupumua kwake na mguso wa unyayo ardhini: kisigino, kisha wayo, kisha vidole. Pumzi zipangwe na hatua, pengine hatua nne za kuvuta na nne za kutoa. Wanaosali rozari huupata mpangilio huo bila kufunzwa, maana maneno yanayojirudia huenda sambamba na miguu.

Kimya hicho kina faida nyingine. Mwenye kuusikiliza mwili wake hutambua mapema kwamba ameanza kuegemea mguu mmoja, kwamba mabega yamekazana au kwamba ana kiu. Anayejisahaulisha kwa kelele huyatambua hayo akiwa ameumia.

Ni vyema pia kujiepusha na mashindano. Hija haina mshindi, na aliyefika Mukono saa sita kabla ya wenzake hakuongezewa baraka. Mwenda pole hajikwai.

Kujua wakati wa kusimama

Pengine somo gumu kuliko yote ni kukubali kukoma. Mtu aliyewekea nadhiri safari hii, aliyechangiwa na jumuiya yake au anayemwombea mgonjwa nyumbani, huona kupanda gari ni kuvunja ahadi. Hivyo huficha maumivu, humeza dawa na kuendelea. Dawa za kutuliza maumivu kama ibuprofen zikimezwa kila siku na mtu ambaye mwili wake umepungukiwa na maji zaweza kudhuru figo, na juu ya hayo huziba onyo ambalo mwili unatoa.

Uchovu na misuli inayokaza ni jambo la kawaida, na hupungua mtu akishapasha mwili moto. Maumivu ya mahali pamoja kwenye mfupa yanayozidi kwa kila hatua, uvimbe wa mguu mmoja, maumivu ya kifua na kuzirai si ya kuvumiliwa. Mtu aliyepigwa na jua akaanza kusema maneno yasiyoeleweka, au mwili ukawaka moto, apelekwe kivulini mara moja, amwagiwe maji, apepewe na kukimbizwa hospitalini. Huyo hana muda wa kungoja.

Makundi yenye busara hukubaliana juu ya jambo hili kabla ya kuondoka: nani ataamua kwamba fulani asiendelee, fedha za gari la dharura zitoke wapi, na kwamba atakayepanda gari atapokewa Namugongo kwa heshima ile ile. Makubaliano hayo yakifanywa nyumbani, hakuna atakayeficha ugonjwa kwa kuona aibu.

Safari haiishii Namugongo

Baada ya maadhimisho, wengi hurudi kwa basi usiku huo huo na kuripoti kazini asubuhi. Mwili uliotembea kilomita 200 huhitaji siku mbili tatu za mwendo mwepesi, usingizi na chakula cha kutosha. Vidonda vya miguu viendelee kusafishwa hadi vipone.

Homa ikitokea katika wiki zinazofuata isidhaniwe kuwa uchovu wa njia. Dalili za malaria aghalabu hujitokeza wiki moja au zaidi baada ya kuumwa na mbu. Anayeugua apimwe damu na kumwambia mhudumu wa afya alikotoka.

Viatu navyo visitupwe vikiwa bado vizima. Vimeshaizoea miguu, na Machi si mbali.